Ndago katika Bustani ya Sultani

Katika mji wa Marjani, zama za Sultani Ghalibu bin Nasibu, palikuwa na bustani ya kale yenye njia nane zilizonyooka kama uzi wa fundi, na zote zilikutana katikati, mahali pasipo na kisima wala kiti wala kaburi. Na kwa nini aliyeipanga aliziongoza hapo, wasimulizi tumeulizana miaka mingi na hakuna aliyejua.

Bustani hiyo ilitunzwa na watu wa hiari. Kila Alhamisi asubuhi walikuja, mkunga na mwashi na muuza kahawa, kila mmoja na mkasi wake, wakapunguza ua wa mihina na kung'oa magugu, na mkubwa wao alikuwa Bi Somoe, mshona kofia, aliyeijua kila waridi kama mama ajuavyo meno ya mwanawe.

Sultani aliwaona wanavyochoka, akawapa pete iliyomfunga jini Dahmushi. Bi Somoe akaisugua, na kabla hajashusha mkono, mihina ikawa sawasawa, magugu yakatoweka, na waridi zikachanua hata zile za msimu ujao. Watu wakastaajabu, wakashukuru, wakarudi makwao. Alhamisi ya pili walikuja wakatembea mikono nyuma. Ya tatu walikuja wachache.

Ya nne Bi Somoe alimkuta Mzee Faki, yule mwashi mkongwe, amechutama peke yake akifukia kitu.

"Shemeji, unapanda nini?"

"Ndago," akajibu bila kuinua uso. "Angalau tupate cha kung'oa."

"Mzee mzima unapanda magugu? Ndago ikishaingia haitoki."

"Ndiyo maana nimeichagua."

Bi Somoe akacheka, lakini askari alikuwa nyuma yao amesikia yote. Na sheria ya Marjani ilisema kuwa mwenye kuiharibu bustani hufukuzwa mjini. Naye Faki alikuwa na miaka sabini, na hakuwa na ndugu kwingineko.

Faki akapelekwa barazani, na Sultani akamwuliza jini wa pete, kwa maana jini aliyefungwa hasemi uongo. "Ewe Dahmushi, mzee huyu ameharibu?"

"Maulana, mimi nimefungwa miaka mia tisa, na kazi yangu huisha kabla sijaiona. Hawa hakuna aliyewafunga. Kabla hujawapa pete hii, nilimtazama mzee huyu kutoka kidoleni mwako, akikata tawi, akarudi nyuma, akaangalia, akaenda tena kukata jani moja tu. Nilimwonea wivu. Kama pana mwizi, ni mimi niliyewaibia kazi yao."

Bi Somoe akainama. "Maulana, tuliipokea zawadi yako tukaogopa kukwambia ukweli. Kosa ni letu sote. Turudishie magugu yetu."

Sultani akasema, "Nilidhani nawapunguzia taabu, kumbe nimewapunguzia Alhamisi."

Ikaamuliwa kuwa Faki abaki mjini na aing'oe ndago yake mwenyewe, hata ikimchukua umri uliosalia, na kwamba pete ivunjwe. Bi Somoe ndiye aliyeivunja, kwa nyundo ya Faki, mbele ya baraza lote. Na Alhamisi iliyofuata mzee alichutama kung'oa, na kando yake akachutama Dahmushi, ambaye hakuna aliyemwita, akiuliza ipi ndago na yapi majani tu, na akiambiwa mara ya tatu asivute kwa nguvu.