Mwalimu wa Shule Tatu

Wekeni vitabu vya nyimbo pembeni kidogo, ndugu zangu, mnisikilize. Somo mmelisikia likisomwa. Sasa nataka mlione likitembea kwa miguu.

Alikuwapo binti mmoja, ndiyo kwanza ametoka chuo cha ualimu, wino wa cheti chake haujakauka. Somo lake lilikuwa muziki. Walimu wa muziki ni haba, basi wakubwa wakaona huyu mmoja atawatosha watu wote wa kule milimani kwenye mashamba ya chai. Wakampa shule tatu kwa mpigo: moja ya bondeni, moja ya kilimani, na ya tatu ile ya watoto wa wachuma chai. Binti akabeba kodiani mgongoni, kile kinanda cha kuvuta na kubana kwa mikono, akapanda mlima na furaha ya mtu aliyeitwa.

Bondeni, mwalimu mkuu alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu sana, mwalimu. Watoto wamekungoja mpaka wamechoka."

"Ahsante, mwalimu mkuu. Nimeambiwa mtanionyesha mahali pa kukaa."

"Aa, nyumba ipo, tena iko wazi. Lakini ile ni ya mwalimu wa hapa, wa kudumu. Wewe ni wa shule tatu, mwanangu. Jaribu kuwauliza wa kilimani."

Wa kilimani wakamwambia awaulize wa kwenye chai. Huko kwenye chai, mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akapiga makofi kwa mshangao. "Kwani bondeni hawakukupa nyumba? Wale ndio wenye nyumba!"

Mnacheka. Chekeni tu. Ni vizuri mcheke sasa hivi.

Akapanga chumba nyuma ya duka moja pale zinapokutana njia za shule zote tatu. Duka lenyewe lilikuwa limefungwa, mwenyewe kahamia mjini. Mbele barabara, nyuma chai, chai mpaka macho yanapokoma. Jirani hakuna.

Akaanza kazi. Huku hakuwa na kiti, kule hakuwa na kikombe. Akifika saa ya chakula, mpishi humwambia, "Pole mwalimu, nilijua leo unakula kwa wenzetu." Basi alikuwa akichemsha viazi vyake alfajiri, akavila njiani huku anatembea. Je, alinung'unika? Hapana. Alikuwa kijana, na kijana akipenda kazi yake, njaa huiona kama mchezo.

Na watoto, ndugu zangu! Wale watoto waliokuwa wakiimba kama watu wanaofukuza nyani shambani, aliwakalisha chini akawafundisha kusikilizana. Kodiani likilia kwenye kona ya barabara, darasa zima linasimama kabla hajafika mlangoni.

Yakatangazwa mashindano ya kwaya za shule. Binti akatunga wimbo wake mwenyewe, akaugawa. Bondeni akawapa sauti ya juu, kilimani sauti ya kati, watoto wa wachuma chai akawapa sauti ya chini. Kila shule ikajifunza kipande chake. Kukutanisha shule tatu si kazi ndogo, kwa hiyo wangekutana siku ya mashindano yenyewe. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amewahi kuusikia wimbo ule mzima, ila yeye peke yake, kichwani mwake, akiwa anapanda na kushuka ile milima. Alikuwa akitabasamu peke yake njiani. Alikuwa akiingoja siku hiyo kama bibi harusi.

Ndipo homa ikamshika. Si homa hizi tulizozizoea. Shingo ilikakamaa, kichwa kikawa kama kinapasuliwa, na mwanga wa dirishani ukamchoma macho. Simu ikaisha chaji, naye hakuwa na nguvu ya kufika mlangoni.

Bondeni hakuonekana. Mwalimu mkuu akasema, "Leo kilimani wamemng'ang'ania." Kilimani hakuonekana. Wakasema, "Wale wa bondeni wana uchoyo." Kwenye chai, msichana mmoja alinyoosha kidole darasani akauliza, "Mwalimu, tukamwangalie?" Akajibiwa, "Kaa chini umalize hesabu zako. Ana shule zake nyingine."

Katikati ya juma lile, mwalimu mkuu wa bondeni na yule wa kilimani wakakutana gulioni. Wakarudi pamoja kwa miguu.

"Mwenzangu, mwalimu wetu wa muziki mmetunyang'anya kabisa!"

"Sisi? Mbona sisi tunajua mnaye nyinyi!"

"Basi atakuwa kwenye chai."

"Hakuna pengine. Yule mama anajua kumteka mtu kwa maneno matamu."

Wakacheka. Mnajua walikuwa wapi walipokuwa wakicheka? Mbele ya lile duka. Binti kule ndani alizisikia sauti zao, akazitambua zote mbili. Akajikaza amwite mmoja kwa cheo chake, kwa adabu kama alivyolelewa, lakini koo halikutoa kitu. Akasikia kicheko kikiteremka barabara, kikapungua, kikaisha. Hakupata kusikia kingine zaidi ya hapo.

Aliyemwokoa alikuwa mama mmoja mchuma chai, aliyekimbilia kibarazani pa duka kujikinga na mvua. Alisikia mkoromo, akasukuma mlango. Akawaita wenzake, wakamfunga binti kwenye blanketi, wakambeba mpaka hospitali huku mvua inawanyeshea. Daktari akauliza, "Huyu ni wa nani?"

Yule mama akasema, "Sijui, baba. Mimi nimemkuta tu."

"Angeletwa siku mbili tatu nyuma…" Daktari akageuka kuwaita wauguzi.

Alipona, ndugu zangu. Uhai alirudishiwa. Lakini alipofumbua macho alimwona mama yake mzazi, aliyetumiwa habari kule nyumbani, akisogeza midomo bila sauti. Akadhani mama anamnong'oneza. Akamwambia, "Mama, sema kwa nguvu." Mama akasema kwa nguvu. Akapaza sauti. Akalia kwa kelele mpaka wauguzi wakaja mbio. Na binti bado anamtazama tu midomoni, anangoja.

Siku ya mashindano ikafika. Mama yake alimkataza, naye akakataa kukatazwa. Alisimama mbele ya watoto wa shule tatu waliopangwa kwa mara ya kwanza pamoja, akainua mikono, akawaongoza kwa macho. Alitazama vinywa vyao vikifunguka mahali pake na kufungwa mahali pake. Wako watu wazima waliotoa leso. Wimbo ulipokwisha, watu walisimama wakapiga makofi, na yeye aliona mikono tu ikigongana.

Mgeni rasmi akashika kipaza sauti. "Nataka kujua, mwalimu huyu ni wa shule gani?"

Weee! Walimu wakuu wote watatu wakasimama kama waliochomwa na kaa. "Ni wetu!" akasema wa bondeni. "Samahani, mheshimiwa, huyu ni wa kwetu," akasema wa kilimani. Na yule mama mpole wa kwenye chai akapaza sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Ni wangu mimi! Mimi ndiye niliyemlea!"

Binti akawaona wamesimama, wote watatu, wanamwonyesha kwa vidole, vinywa wazi. Akadhani amekosea jambo. Akamgeukia mama yake, akauliza kwa sauti kubwa, maana kiziwi mpya hajui kupima sauti yake, na ukumbi wote ukamsikia:

"Mama, wimbo umetokaje?"

Walimu wakuu wakabaki wamesimama. Hakuna aliyejua namna ya kukaa.

Sasa nambieni. Nani alimdhuru yule binti? Homa? Homa iliijua kazi yake tu, ikaifanya. Kuna aliyemchukia katika shule zile? Hakuna hata mmoja. Walimpenda! Kila mmoja alimpenda na akamwachia mwenzake ampende kwa niaba yake. Hii ndiyo dhambi yetu sisi watu wa kanisani, ndugu zangu. Hatuui mtu. Tunampitia tu, tunacheka, tukiamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba yuko mikononi mwa wengine. Siku ya makofi, mtu huyo ana wenyewe watatu. Siku ya homa, daktari anauliza ni wa nani, na anayejibu ni mpita njia.

Mwaniona ninasema habari za shule. Mimi sisemi habari za shule.

Mwinjilisti wetu anahudumia mitaa yote mitatu ya usharika wetu. Kiti chake kile pale, kitupu. Jumapili iliyopita kilikuwa kitupu vilevile. Asubuhi hii nimewauliza wazee hapo mlangoni, wakaniambia yuko mtaa wa juu. Nikawapigia mtaa wa juu, wakaniambia yuko mtaa wa ng'ambo. Nikapiga ng'ambo. Wameniambia yuko hapa.

Sitamalizia mahubiri haya. Navua joho naenda kwake. Na nyinyi msiniulize ibada inafungwa na nani.