Samadi ya Wamaitha

"Mwenye kuziba pua hufumba na macho." Mmenisikia nikisema hivyo mlipopita mbio mbele ya zizi mkiziba pua, nanyi mmeniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Haya, ketini niwaambie. Methali hii ilianza hivi.

Wakati wa Hali ya Hatari, tulipokuwa tukipigania uhuru, Waingereza walituhamishia sote katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, chenye lango moja tu. Nia yao ilikuwa kuwanyima chakula na dawa wapiganaji waliokuwa msituni. Dada yangu mkubwa, Wamaitha, alikuwa na miaka kumi na tisa. Mchana alikuwa msichana wa kawaida wa kulima. Lakini alikuwa amekula kiapo cha wapiganaji, na kazi yake ilikuwa kuwapelekea wapiganaji walichohitaji.

Langoni alisimama Sajini Kibuchi, mtu wa kwetu aliyeajiriwa na serikali. Alipenda unadhifu kupita kiasi. Sare yake ilipigwa pasi hata mikunjo ikasimama kama makali ya panga, na mkononi alishika fimbo ya chuma aliyoing'arisha kila asubuhi. Kila kiondo, kikapu chetu cha mgongoni, kilichotoka alikichoma kwa fimbo hiyo. Wanawake wawili walikamatwa na viazi vya kuchemsha tu, nao hatukuwaona tena kwa mwaka mzima.

Basi siku moja habari ikaja kwamba Gitahi, kijana aliyeongoza kikosi cha msitu wa karibu, amepigwa risasi mguuni na kidonda kimeoza. Mkunga wetu, mama Gacambi, alikuwa na ruhusa ya kwenda zahanati. Akarudi na dawa ndani ya mkebe wa kakao, ameufunika vizuri kwa nta.

"Nitautoaje?" Wamaitha akauliza.

"Mwanangu, mimi nimeufikisha hapa," mama Gacambi akajibu. "Akili ya kuutoa ni yako."

Wamaitha akafikiri siku nzima. Kisha akaenda kwenye banda la mbuzi, akachota samadi iliyolowa mvua, akaichanganya na mavi ya kuku, akaitia kiondoni, na katikati akaufukia ule mkebe. Mimi nililala chumba kimoja naye na kiondo kile, na nawaambia kweli, harufu ile ilitoa machozi.

Asubuhi akajitwika kiondo mgongoni, mkanda kichwani, akashika njia ya langoni. Askari walimsikia kwa pua kabla hawajamwona, wakaanza kurudi nyuma. Lakini Sajini hakuwa mtu wa kuacha amri. Akaziba pua kwa kitambaa cheupe.

"Weka chini! Umebeba nini?"

"Samadi, afande. Naipeleka shambani."

Sajini akaugeuza uso pembeni, akanyoosha mkono, akaichomeka fimbo.

Ngwe! Fimbo ikagonga kitu kigumu.

 Wamaitha aliniambia baadaye kwamba askari mmoja aliishika bunduki yake vizuri.

"Hicho ni nini?" Sajini akauliza.

"Ni jiwe, afande. Banda letu lina mawe mengi. Ngoja nikutolee ulione."

Akapiga magoti, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoka na konzi iliyojaa, inachuruzika. Akainuka nayo, akamsogelea Sajini kwa heshima zote. "Shika, afande. Nadhani limo humu."

Sajini akaruka nyuma kama aliyeona swila. Tone moja lilikuwa limeshaangukia kiatu chake. "Toka! Toka na uchafu wako! Na usisimame hapa tena!"

"Niondoke, afande?"

"Kimbia!"

Askari wakacheka mpaka wakaegemeana. Wamaitha akajitwika kiondo chake, akaenda. Alipofika mtoni akaketi majini na nguo zake, akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Halafu akaenda kuufukia mkebe kwenye shina la mgomba alilokubaliana na watu wa msituni.

Gitahi akapona. Hakukimbia tena kama zamani, lakini alitembea, na mpaka amani inarudi hakukamatwa.

Wamaitha naye aliendelea kubeba samadi. Risasi zilipita, chumvi ikapita, barua zikapita. Na kwa kuwa samadi yenyewe ilikuwa ya kweli, shamba letu likazaa mahindi ambayo hayajapata kuonekana! Sajini akamsifu mbele ya afisa wa Kizungu: "Msichana huyu ni mfano wa bidii." Wamaitha akainamisha kichwa, akasema asante.

Uhuru ulipokuja, tulijenga shule kwa mikono yetu, na Kibuchi akaja kubeba mawe kama sisi. Watu hawakumzungumzisha. Wamaitha ndiye aliyempa uji. Kibuchi akasema kwa aibu, "Angalau wewe nilikusifu. Hakuna aliyekushinda kwa kilimo."

"Kaka Kibuchi," dada akamwambia, "samadi ile haikuwa samadi tupu." Akamsimulia yote, tangu mkebe wa kwanza.

Tukamtazama mtu yule. Aliweka kibuyu cha uji chini, akashika kichwa. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka kicheko ambacho hatukujua anacho, machozi yakimtiririka, na mwishowe sote tukacheka pamoja naye.

"Fimbo yangu iliugonga!" akasema. "Iliugonga, nami nimegeuza uso! Kumbe mwenye kuziba pua hufumba na macho."