Vivuli vya Kulwa na Doto

Aliyeisimulia kwanza hadithi hii ni Damari, mdogo wake Foibe, mwezi wa Julai mwaka 1974, siku ya tatu ya matanga ya dada yake huyo. Aliisimulia mara moja tu, na hakukubali kukatizwa.

Hapo zamani, kabla barabara ya magari haijapandishwa mlimani, kijiji cha Vungwe kilikuwa na desturi ya kushikisha. Mtoto akitimiza miaka mitatu aliketishwa kizingitini, bibi yake akamwekea mkononi kitu cha kuchezea na kumwambia, "Shika chako." Wa kike alishikishwa mwanasesere wa gunzi la mahindi. Wa kiume alishikishwa upinde wa fito. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena mtoto huyo atakuwa nani.

Foibe alikuwa na mapacha, Kulwa wa kike na Doto wa kiume. Siku yao ilipofika, ukungu ulikuwa umeshuka hadi uani. Watoto walikuwa wamenyolewa sawa na kuvishwa kaniki za namna moja. Mama mkwe wake, Bibi Mkunde, ambaye macho yake yalianza kufifia, aliinama mbele yao. Akampa Kulwa upinde. Akampa Doto mwanasesere.

"Shika chako," akamwambia huyu.

"Shika chako," akamwambia yule.

Watoto walicheka. Kulwa aliuvuta uzi wa upinde hadi sikioni, Doto alimpakata mwanasesere na kumfunika kwa pindo la kaniki. Foibe aliliona kosa akanyamaza, kwa sababu tangu awazae hakuwahi kuwasikia wakicheka hivyo. Aliyesema ni wifi yake, Nakiete, mfinyanzi aliyeheshimiwa vijiji vitatu.

"Mama, unataka tuchekwe hadi sokoni?" alisema. Akawapokonya watoto vile vitu, akavibadilisha. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwanasesere ni wa kike. Upinde ni wa kiume."

Bibi Mkunde hakusema neno. Watoto nao walinyamaza, na hawakusema tena.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Foibe alitoka kuanika mahindi akawaona watoto wamekaa wakiutazama ukuta, mikono magotini. Kivuli cha Foibe kilikuwa kimejikunja chini ya miguu yake, kama vivuli vyote saa hiyo. Vivuli vya watoto vilikuwa virefu. Vilikuwa vimelala uani hatua mbili mbele ya miili yao, na vilikuwa vinacheza. Cha Doto kilikuwa kinabembeleza kitu kifuani. Cha Kulwa kilikuwa kinavuta uzi ambao haukuwepo.

Foibe hakupiga kelele. Aliokota kokoto mbili akaziweka pale vivuli vilipofika.

Vungwe nzima ilijua maana yake, kwa kuwa kijiji kilikuwa na Kibacha. Kibacha alikuwa mzee aliyekaa juu ya jiwe nje ya lango la boma la akina Foibe. Kivuli chake kilitoka langoni alipokuwa na umri wa miaka minne, na hakikurudi. Alikula akilishwa, alisimama akisimamishwa, ndevu zilimwota na mvi zikafuata. Jua lilimpiga miaka hamsini, na chini yake palikuwa na mwanga mtupu. Kuku walikwepa kupita hapo.

Yafeti, baba wa watoto, aliwaogopa watu kuliko alivyoviogopa vivuli. Alichukua upinde na mwanasesere akavitia motoni. Siku ya pili yake vivuli vilikuwa vimezipita kokoto kwa hatua tatu.

Watu wakaja kusaidia. Jirani alileta mpira wa matambara. Yafeti akauliza, "Hiki ni cha nani?" Jirani akajibu, "Mpira ni wa wavulana." Kivuli cha Kulwa kikasogea hatua moja kuelekea langoni. Foibe akaweka kokoto.

Mke wa mchungaji alileta chungu kidogo. Yafeti akauliza, "Hiki ni cha nani?" Akajibiwa, "Chungu ni cha wasichana." Kivuli cha Doto kikasogea hatua moja. Foibe akaweka kokoto.

Akaletwa ng'ombe wa udongo: wa wavulana. Kikaletwa kikapu: cha wasichana. Kila kitu kilikuwa na mwenyewe tangu zamani, na kila jibu lilisukuma kivuli hatua moja. Foibe, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu kokoto, ndiye aliyeelewa. Kinachosukuma si kitu. Ni neno linalosemwa juu yake.

Alimfuata Nakiete kwenye tanuri lake. Alimwambia, "Wifi, wewe ndiwe uliyelisema lile neno. Nitafutie kitu ambacho Vungwe haijawahi kukisemea ni cha nani."

"Umekuja kunisuta kwenye majivu yangu?"

"Nimekuja kukuomba. Zimebaki hatua saba. Baadaye nitakusuta."

Nakiete alikaa na jambo hilo mpaka jioni. Alifinyanga kisahani cha udongo, duara, kama mfuniko wa chungu cha mtoto, akakitoboa katikati. Asubuhi alikipeleka kwa Fundi Senkoro, mchongaji, akamwomba achonge kijiti chenye ncha kipite kwenye tundu lile, halafu akigandishe kwa udongo mbichi, ili kitu chote kizunguke chini kwa ncha yake. Nchi nyingine wanakijua, kwa jina la pia. Vungwe hakikuwa na jina.

Senkoro alikataa. Huko mchongaji hakugusa udongo mbichi, na mfinyanzi hakushika kisu cha mchongaji wala kukaza mti katika chombo chake. Aliyevunja mwiko huo alinyang'anywa kisu na wenzake. Tena, walisema, vidole vyake havikulala tena. Nakiete aliondoka. Siku iliyofuata alirudi, akakataliwa. Siku ya tatu alirudi na Foibe, na Foibe alikuwa amewabeba watoto, mmoja mgongoni na mmoja kifuani. Senkoro alitazama chini. Mbele yake walikuwapo wanawake wawili na watoto wawili, na vivuli pale vilikuwa vya wanawake peke yao. Vya watoto vilikuwa vimeachwa nyumbani, vikicheza karibu na lango.

Senkoro alichukua kisu akachonga. Alipomaliza aliutia mkono ndani ya kibuyu cha udongo mbichi wa Nakiete, mbele ya wanafunzi wake wote, akagandisha kijiti kwa vidole vyake.

Adhuhuri ile boma lilijaa watu. Watoto waliketishwa mahali pao. Vivuli vilikuwa langoni, kimoja kimeshaweka mguu juu ya gogo la kizingiti, na nje ya lango Kibacha alikaa juu ya jiwe lake. Nakiete akakiweka kile kitu chini katikati ya uwanja, akakizungusha. Kikasimama kwa ncha yake na kuvuma taratibu.

Yafeti akauliza, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi, "Hiki ni cha nani?"

Mtu akasema ni udongo, basi ni... Akasita. Mwingine akasema ana hakika ni mti, basi... Naye akasita. Watu wakageukia Bibi Mkunde, mwenye kauli ya mwisho. Bibi Mkunde alifumba mdomo. Wakamgeukia Foibe. Foibe alikuwa anatazama gogo la kizingiti. Hakuna aliyekuwa na neno, na katika ukimya huo mvumo wa kile kitu ukasikika uwanja mzima. Kibacha, ambaye hakuwahi kugeuka kwa kuitwa, akageuza shingo.

Vivuli viliacha kucheza. Vikarudi, vikipita kokoto moja baada ya nyingine, mpaka vikajikunja chini ya miguu ya wenyewe. Kile kitu kikapepesuka na kuanguka.

"Zungusha tena," Doto alisema.

"Zamu yangu," Kulwa alisema.

Sasa Vungwe walikuwa na desturi nyingine. Mtoto aliyerudishwa kutoka kwenye hatari ya namna hiyo hupewa jina la ukubwani na aliyemrudisha, na jina hilo huwa ni la huyo aliyemrudisha. Mama ndiye humshika mkono mwenye haki, mmoja tu hata kwa mapacha, na kumleta mbele ya wazee. Anayebeba jina husomwa katika orodha ya ukoo. Asiye na jina la ukubwani hasomwi, hata akiishi miaka mia. Na Bibi Mkunde, Nakiete na Senkoro hawakuwa na mtu wa kuwabebea majina yao. Wakaja wote watatu.

Nakiete alisema, "Ni kweli nililisema neno. Lakini nani mwingine aliyetengeneza kitu kisicho na neno? Nimekwenda kwa mwanamume yule mara tatu, nikafukuzwa kama mbwa mara mbili. Kosa nililolifanya nimelisahihisha kwa mikono yangu."

Senkoro alisema, "Kisahani bila kijiti ni kigae. Nilikawia, sikatai, na kwa siku hizo mbili, maneno yakiendelea kusemwa, vivuli vilifika langoni. Lakini mwenzangu alitoa udongo, na bado anao. Mimi nilitoa kisu changu. Tazameni vidole hivi: havitachonga tena."

Bibi Mkunde alisema mwisho, kwa sauti ndogo. "Mnasema nilikosea kwa sababu ya ukungu. Nani aliniuliza? Niliwalea wale watoto miaka mitatu. Nilijua mkono upi unavuta na mkono upi unapakata. Kama mngeniacha, kungekuwa na kivuli gani cha kurudisha?"

"Basi kwa nini ulinyamaza nilipowapokonya?" Nakiete aliuliza.

"Nilikuogopa, mwanangu. Ulikuwa na watu nyuma yako."

Foibe alisimama kati yao. Kwa maelezo ya Damari, aliunyoosha mkono mara tatu, na mara tatu akaurudisha. Wazee walimpa hadi mavuno, kisha hadi mavuno mengine, kisha wakaacha kumuuliza.

Bibi Mkunde alifariki mwaka wa njaa. Kibacha alifuata wiki hiyohiyo. Senkoro alifariki mwaka 1963, vidole vyake vikicheza hadi dakika ya mwisho, na Yafeti mwaka 1966. Foibe alizikwa Julai 1974, bila kumshika mtu mkono. Nakiete alifariki 1981 na Damari 1999. Walio hai ni wawili: Kulwa, aliyekuwa askari wa wanyamapori na sasa amestaafu, na Doto, aliyekuwa mlezi wa watoto wachanga misheni, wote wamekwisha kuvuka miaka sabini na tano. Bado wanaitwa Kulwa na Doto, na orodha ya ukoo ina mistari miwili mitupu. Mwaka huu wamesema wanataka ijazwe wangali wanaona.

Haya, nyinyi mliosikia: mkono ungekuwa wenu, mngemshika nani? Je, nani anastahili jina?