Pete Tatu za Mize

Sogeeni, na wa nyuma nao wasikie. Palikuwa na mwanamke, jina lake Mize, aliyefiwa na mumewe, Kombo. Alilia hata pepo wa kike akatoka kisimani, vidole vyake vimejaa pete hadi kwenye kucha.

"Vaa hii ya fedha," akasema pepo. Mize akaivaa, kilio kikakatika.

Kesho yake pepo akarudi. "Panga hii ya shaba juu yake." Akaipanga, sauti ya Kombo ikamtoka masikioni.

Pepo akarudi tena. "Malizia na dhahabu." Akamalizia, sura ya Kombo ikafutika.

Basi mkono ukapendeza! Harusini wanawake wakamwuliza, "Shoga, unazipangaje?" Mize akawaonyesha, hana furaha wala huzuni.

Siku moja bintiye, Riziki, akaja anatetemeka, akaushika mkono ule akauweka kwenye paji la uso wake. "Mama, nina homa?"

Mize akangoja. Hakuhisi joto wala baridi. "Sijui, mwanangu."

Mtoto akamtazama kama anavyotazamwa mgeni.

Hapo Mize akajipaka mafuta, akaivuta dhahabu, akaivuta shaba, akaivuta fedha. Ngozi ikachunika. Akamgusa Riziki: anawaka moto! Akambeba mbio kwa mganga, mtoto akanyweshwa dawa, akapona.

Mize akarudi nyumbani, akaketi chini, akamlilia Kombo. Majirani wakaja tena na mikeka yao, wakakaa naye kana kwamba marehemu amezikwa asubuhi ile.

Nami ngano yangu naiacha pale mkekani. Anayetaka, akakae nao.