Mchwa wa Bwana Shekilindi

Mafuriko yalipobomoa nyumba za bondeni, familia sita zilihamia kwenye ghala la mkonge, zikatenganishwa na khanga tu. Bwana Shekilindi alikuwa na nyumba sita pale mjini, zote tupu, akiwasubiri wahandisi wa barabara waje na kodi nono.

Mwanakombo, fundi wa kukandika kuta, aliyekuwa akilala humo ghalani na wanawe, alimwendea akamsihi.

Mzee alicheka. "Mniharibie nyumba zangu kwa moshi wa kuni?"

"Haya, mzee wangu," alisema Mwanakombo, akaenda zake.

Wiki ya pili akaitwa mbio. Michirizi ya udongo wa mchwa ilikuwa imepanda kuta zote za nje, hadi chini ya paa.

Mwanakombo aliukwangua kwa kucha, akaunusa, akaguna. "Nyumba zimekaa mno bila moto wa jikoni. Hawa dawa yao moshi."

"Basi walete wenzako wapike!"

"Watakubali? Ulishatufukuza."

"Waambie kodi kidogo tu, hata kwa miaka mitano!"

"Andika, mzee. Siku hizi watu hawaamini maneno matupu."

Akaandika, mwenyekiti wa mtaa akashuhudia. Jioni moshi ulifuka nyumba zote sita, na Bwana Shekilindi akapita mlango hadi mlango akihimiza, "Pikeni! Pikeni!"

"Tunapika, mzee!" aliitikia Mwanakombo kutoka uani, huku akisugua ndoo aliyochotea udongo wa kichuguu Ijumaa ile, mzee alipokuwa msikitini.