Jina Lililokuwa Chini ya Ukurasa

Hapo zamani, na msicheke, maana zamani ya watu wa kompyuta haizidi miaka sita, palikuwa na binti huko Korogwe akiitwa Sikudhani. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, na kazi yake ilikuwa kuandika programu. Mara moja alitafuta kosa dogo siku tatu, mpaka akalia. Alipomaliza kulia akatengeneza tovuti: mwandishi wa programu anabandika maandishi yake, tovuti inamwonyesha mstari wenye kosa. Akaiita Kichungi.

Wakaja watu mia, Kichungi kikawabeba. Wakaja elfu kumi, kikayumba. Wakaja laki moja, kikaanguka pu!

Sikudhani akawaita wawili aliosoma nao. Mbonea alijua kugawa mzigo kwa seva nyingi. Tunu alijua kusema na watu. Kila aliyeleta lalamiko, yeye ndiye aliyemjibu. Wakapatana. Ila akatokea rafiki mmoja mvivu, hajaandika hata herufi, anataka jina lake liwekwe kwenye ukurasa! Sikudhani akakasirika, akatoa sheria: "Chini ya ukurasa yatakaa majina ya wale ambao kazi yao bado imo humu. Kazi yako ikitoka, jina lako linatoka. Hata mimi." Wala hakumwachia mtu kuisimamia. Aliifundisha tovuti yenyewe iitekeleze.

Kisha ugonjwa ukamzidi, akafa. Miaka ishirini na sita tu. Naumia kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Akamwacha mama yake, Bi. Kibibi, asiyejua kusoma ila neno moja: jina la mwanawe. Baada ya msiba, kila Ijumaa akawa anakwenda kwa jirani, fundi cherehani Hiza, anafunguliwa Kichungi kwenye simu. Anaweka kidole juu ya jina lile. "Mwanangu yupo kazini," anasema, kisha anarudi kwake kupika.

Wakaja watu laki tisa. Mbonea akawa anafumua kazi ya zamani na kuiandika upya, kipande kwa kipande, mpaka kikabaki kipande kimoja cha Sikudhani. Kilikuwa kizito, kikawachelewesha wote. Akamwuliza Tunu, "Dada, hiki nacho nikitoe?"

Tunu alizijua habari za Ijumaa, maana alizoea kumpigia Bi. Kibibi simu. Lakini siku hiyo alikuwa na malalamiko elfu mbili hayajajibiwa. Akasema, "Kitoe. Mama nitamwambia mwenyewe."

Mbonea akakitoa. Tunu akashika simu, akaiweka. Kesho yake akaishika, akaiweka.

Ijumaa ikafika. Bi. Kibibi akapitisha kidole juu, akapitisha chini. "Fundi, simu yako mbovu."

"Si mbovu, mama. Jina halipo."

Bi. Kibibi akaketi sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa. "Basi leo ndiyo amekufa," akasema.

Fundi akawapigia Tunu na Mbonea. Siku hiyohiyo wakalirudisha jina, sheria wakaivunja, wakamwendea na simu mkononi. Mama akageuza uso.

"Sitazami, wanangu. Nikilitazama leo, kila Ijumaa nitakwenda roho mkononi, lipo au halipo? Mtoto nilikuwa naye mmoja. Nimzike mara ngapi?"

Walipotoka nje, wakaanza kulaumiana palepale mlangoni.

Mbonea akasema, "Nimefuta mimi, sikatai. Lakini ningekiacha, Kichungi kizima kingeanguka, na jina ndani yake. Tena nilimwuliza anayejua!"

Tunu akasema, huku analia, "Nimenyamaza mimi, sikatai. Lakini maneno yale ningeyaanzia wapi? Na mkono uliofuta si wangu, wala sheria si yangu."

Aliposema sheria, lawama zikaishia hapo. Waliikumbuka ile "Hata mimi", na nani angethubutu kumlaumu marehemu mlangoni kwa mama yake?

Kichungi kipo mpaka leo, na jina lipo. Anayelisoma kwa kidole ndiye hayupo; Ijumaa mama haendi tena kwa fundi.

Haya, msiniangalie mimi. Nimeisimulia mara saba na bado sina jibu. Mmoja aliweka sheria, mmoja alifuta, mmoja alinyamaza. Je, ni nani aliyemzika Sikudhani mara ya pili?