Petroli ya Mwalimu Chengula

“Mafuta ghali hayafupishi njia.” Mmemsikia yule dereva akimwambia mwenzake hapo pampuni, mkacheka, kisha mkaniuliza kama wahenga walikuwa na magari. Hawakuwa nayo. Methali hii ni changa, nami nilikuwa nikishika pampu hapa ilipozaliwa. Chanzo chake ni hiki.

Kituo chetu kilikuwa na pampu mbili tu: moja ya petroli ya kawaida, nyingine ya oktani ya juu, ambayo bei yake ilikuwa kubwa zaidi. Mwalimu Chengula alifundisha hesabu shule ya sekondari. Mkewe, Bi Atuganile, aliugua figo, na mara mbili kwa wiki ilibidi apelekwe hospitali ya mkoa kusafishwa damu. Njia ni ndefu, na mlima Lugoda uko katikati. Walikuwa na gari dogo lililozeeka. Mwalimu ndiye aliyekuwa dereva, ndiye mpishi, ndiye mfuaji.

Alikuwa amechoka, wanangu. Nikimjazia mafuta, alisinzia ameegemea usukani. Nikimaliza namgusa bega: “Mwalimu, tayari.” Alifungua macho polepole, kama mtu aliyeitwa kwa mara ya mia.

Siku moja akaniuliza, “Binti, gari langu siku hizi linakunywa mafuta kupita kiasi. Kati ya petroli hizi, ipi inakwenda mbali?”

Sikujua. Lakini bosi alikuwa ametufundisha jibu, nami nikalitoa: “Hii ya oktani ya juu, Mwalimu. Hii ina nguvu. Utaona tofauti.”

Tangu siku hiyo akawa hanunui nyingine. Kila alipopita nilimuuliza kama ameona tofauti, naye alisema, “Nadhani ipo.” Alijinyima chakula cha mchana shuleni ili aimudu. Mimi nilimwona akikonda, nikanyamaza.

Basi asubuhi moja ya baridi gari likazimika katikati ya mlima Lugoda. Tangi lilikuwa tupu, ingawa kwa hesabu zake petroli ile ingewafikisha na kuwarudisha. Bi Atuganile alikuwa amevimba miguu na pumzi zinamkatika. Walikaa pale nusu saa nzima. Magari yalipita. Mwalimu alipunga mkono mpaka ukachoka, akabaki amesimama tu.

Mwishowe aliyesimamisha gari ni Kihwele, dereva wa lori la mbao, mtu aliyewahi kuwa fundi. Alipolikaribia lile gari alisikia harufu ya kuungua. Akainama, akagusa gurudumu la nyuma, akauondoa mkono upesi. Alimbeba mgonjwa akamweka kwenye lori, Mwalimu akapanda, wakaondoka. Njiani ndipo akauliza:

“Mwalimu, breki ya nyuma haiachii. Tangu lini?”

“Sijui.”

“Na matairi yana upepo nusu. Gari linavuta mguu huku limeufunga. Litaachaje kula mafuta?”

“Lakini mimi naweka petroli ya oktani ya juu,” Mwalimu akasema. “Ile ghali.”

Kihwele alitikisa kichwa. “Oktani ni uvumilivu wa petroli tu. Inabanwa ndani ya injini bila kulipuka kabla ya wakati wake. Kuna injini zinazobana sana, hizo zinaihitaji. Yako haibani hivyo. Ukiipa, haitakwenda mbali zaidi.” Akabadili gia, kisha akasema taratibu, kama anayemwonea huruma, “Mafuta ghali hayafupishi njia, Mwalimu.”

Ndipo Bi Atuganile akasema, kwa sauti ndogo, “Gurudumu lile nalisikia likilalamika tangu mwezi uliopita.”

“Mbona hukuniambia, mama?” Mwalimu akamuuliza.

“Ungekwenda kulitengeneza saa ngapi? Nilikuona umechoka.”

Mwalimu Chengula alifunika uso kwa viganja, akalia mbele ya mtu asiyemfahamu.

Walifika wamechelewa. Bi Atuganile alilazwa siku tano, na siku mbili za mwanzo hakuna aliyejua kama atatoka. Alitoka. Kihwele alimtengenezea Mwalimu breki, akajaza matairi upepo, akabadilisha chujio la hewa lililokuwa limejaa vumbi. Baada ya hapo gari lilikwenda na kurudi kwa petroli ya kawaida, na kiasi kikabaki tangini. Kihwele aliwasimulia madereva wenzake, nao wakalibeba neno lake njia nzima.

Mwalimu aliporudi hapa, nilishindwa kumtazama. Nikamwambia, “Nisamehe. Sikuwa najua. Nilisema tu.”

“Hata mimi sikuuliza mara ya pili,” akanijibu. “Mtu akichoka sana, binti, hutafuta kitu cha kununua. Kununua ni rahisi kuliko kuinama na kutazama.” Akaniomba nimwekee ya kawaida.

Miaka mitatu mingine alimpeleka mkewe kule, hadi Bi Atuganile alipofariki. Njia haikupungua hata hatua moja.

Nanyi sasa mnashika pampu. Atakuja mtu macho mekundu, awaulize ipi inakwenda mbali. Mwambieni akague magurudumu kwanza. Akisisitiza, mwambieni alivyosema Kihwele: mafuta ghali hayafupishi njia.